YouTube Data API v3: mlango uko wazi, ila kutafuta kunagharimu

Netflix ilifunga API yake ya umma, yaani njia rasmi ya programu za nje kuomba data ya huduma, Novemba 2014. Tarehe 27 Novemba 2024 Spotify nayo ilitangaza kuwa programu mpya hazitaweza tena kusoma sifa za sauti za nyimbo, mapendekezo wala wasanii wanaofanana. YouTube bado inamkaribisha yeyote mwenye akaunti ya Google: ufunguo (msimbo unaoitambulisha programu yako kwa API) unapatikana ndani ya dakika chache, hakuna ada, hakuna kadi ya benki inayodaiwa. Kwa hilo tu YouTube Data API v3 inastahili sifa. Lakini anayeingia bila kuelewa jinsi huduma hii inavyopima matumizi atamaliza mgao wa siku kabla programu yake haijafanya jambo la maana, kisha aondoke akidhani API ni mbovu. Si mbovu. Inampendelea anayejua anachokitaka na kumtoza sana anayekuja kupapasa.

Kila mradi huanza na mgao wa yuniti 10,000 kwa siku. Kinachohesabiwa si idadi ya maombi bali uzito wa kila ombi. Kusoma taarifa za video, chaneli, orodha ya kucheza au maoni kunakula yuniti 1. Kuandika, kwa mfano kuunda orodha ya kucheza au kuongeza video ndani yake, ni yuniti 50. Kutafuta kwa search.list ni yuniti 100. Ombi lililokosewa nalo hukatwa angalau yuniti 1, na kila ukurasa wa matokeo ni ombi jipya linalolipiwa upya. Mgao hujazwa tena saa sita usiku kwa saa za pwani ya Pasifiki ya Marekani, yaani 07:00 au 08:00 UTC kutegemea msimu. Ukiweka kazi nzito ianze 00:00 UTC, ujue inakula mabaki ya siku inayoisha, haijagusa mgao mpya.

Kutokana na hesabu hiyo, kisanduku cha kutafuta kilichounganishwa moja kwa moja na search.list kinaweza kuhudumia utafutaji 100 tu kwa siku, kwa watumiaji wote kwa pamoja. Ukiongeza ujanja wa kuleta matokeo kila mtumiaji anapobonyeza herufi, mtu mmoja anayeandika neno la herufi kumi amemaliza sehemu ya kumi ya mgao wa siku. Hili ndilo kosa linaloua miradi mingi ya mwanzo, na dawa yake si kuomba mgao mkubwa bali kubadili njia.

Tuchukue kazi ya kawaida kabisa: kupata video zote za chaneli moja yenye video 1,200, pamoja na idadi ya watazamaji wa kila moja. Wengi hukimbilia search.list wakiweka channelId, type=video na maxResults=50. Kurasa 24 mara yuniti 100 zingekuwa yuniti 2,400, karibu robo ya siku, lakini hata ukiwa tayari kulipa hivyo kazi haikamiliki, kwa sababu utafutaji wa namna hiyo ndani ya chaneli moja unakomea matokeo 500. Video 700 hazitaonekana, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia. Orodha inakatika tu, kana kwamba chaneli imeishia hapo.

Njia sahihi inapita kwingine. Kila chaneli ina orodha ya kucheza iliyofichika ambayo inabeba kila kilichopakiwa. Omba channels.list ukiweka part=contentDetails, kisha usome kitambulisho kilicho kwenye contentDetails.relatedPlaylists.uploads. Hiyo ni yuniti 1. Kipeleke kitambulisho hicho kwenye playlistItems.list, vipande 50 kwa ukurasa, ukifuata nextPageToken (alama ya ukurasa unaofuata) mpaka isirudi tena: yuniti 24. Halafu kusanya vitambulisho vya video, viunganishe kwa mkato hamsini hamsini, uvipeleke kwenye videos.list ukiomba snippet, contentDetails na statistics kwa pamoja: yuniti 24 nyingine. Jumla ni 49. Kazi ile ile, imekamilika, kwa gharama ndogo mara arobaini na zaidi. Kama ulichonacho ni jina la chaneli linaloanza na alama ya @ badala ya kitambulisho chake, channels.list inalipokea kupitia forHandle. Hakuna haja ya kulitafuta kwa yuniti 100.

Hapo kwenye videos.list pana ukarimu ambao wengi hawautumii. Vitambulisho 50 ndani ya ombi moja ni yuniti 1, na idadi ya sehemu unazoomba kwenye part haiongezi gharama. Mgao wa siku moja, ukitumika hapo tu, unatosha kusasisha takwimu za video 500,000. Kigezo cha fields, kinachochuja sehemu za jibu, hakipunguzi yuniti. Kinapunguza ukubwa wa data inayosafiri, jambo lenye faida ya kweli kwa programu ya simu.

Kufuatilia chaneli nyingi ndiko wengi wanakochemka. Chaneli 500 zikikaguliwa kila saa kwa playlistItems.list ni yuniti 12,000 kwa siku, tayari umevuka. Ukikagua kila baada ya saa tatu ni 4,000, unabaki na nafasi ya kazi nyingine. Lakini kwa kazi hii huhitaji kutumia yuniti hata moja: kila chaneli ina mlisho wa XML kwenye anwani ya youtube.com/feeds/videos.xml ukiongeza channel_id, unaotoa video 15 za karibuni bila ufunguo wowote. Bora zaidi ni kujiandikisha kwenye kituo cha PubSubHubbub cha Google ili seva yako ipigiwe hodi video inapopakiwa au kichwa chake kinapobadilishwa. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Seva yako lazima ijibu ombi la uthibitisho kwa kurudisha thamani ya hub.challenge kama ilivyopokelewa, bila kuongeza hata nukta. Na usajili una muda wake wa kuisha, kwa hiyo weka kazi ya kuuhuisha mapema, la sivyo taarifa zitakoma kimya kimya. Mabadiliko ya kichwa huleta taarifa ileile tena, hivyo linganisha kitambulisho cha video kabla ya kuihesabu kuwa mpya.

Data yenyewe ni safi, lakini ina tabia zake

Majibu yanarudi kwa JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) iliyopangwa vizuri, na nyaraka rasmi zinaeleza kila sehemu. Hata hivyo kuna mambo madogo yanayovunja programu usiku.

Idadi za watazamaji, waliopenda na maoni zinakuja kama maandishi, si namba. Ukizipanga bila kuzigeuza, "9" itakaa juu ya "1000000". Sehemu hizo pia zinaweza kukosekana kabisa: mwenye video akificha idadi ya waliopenda, likeCount haiji kama sifuri, haiji kabisa; maoni yakifungwa, commentCount nayo huweza kukosekana. Anayeandika sifuri mahali pasipo na data anaharibu wastani wake mwenyewe.

Video iliyofutwa au kufanywa ya faragha haileti kosa kwenye videos.list. Unatuma vitambulisho 50, zinarudi video 47, na jibu linasema kila kitu ni sawa. Kwa hiyo usioanishe kwa nafasi kwenye orodha. Oanisha kwa kitambulisho. Kosa la kuoanisha kwa nafasi ni baya kwa sababu halionekani: programu inaendelea kufanya kazi huku takwimu za video moja zikiandikwa chini ya nyingine.

Tarehe nazo zina mtego. Ndani ya playlistItems, snippet.publishedAt ni wakati video ilipoongezwa kwenye orodha ya kucheza. Wakati ilipochapishwa uko kwenye contentDetails.videoPublishedAt. Urefu wa video umeandikwa kwa mtindo wa ISO 8601, kwa mfano PT4M13S kwa dakika nne na sekunde kumi na tatu; dakika zikiwa kamili sekunde haziandikwi, na video ya zaidi ya siku ina herufi D kabla ya T. Matangazo ya moja kwa moja yanayoendelea au yajayo yanaonyesha P0D. Tumia maktaba ya kusoma muundo huo, usijitungie kanuni ya kukata maandishi.

Kwenye pageInfo kuna totalResults, ambayo kwa utafutaji ni makadirio tu na haivuki 1,000,000. Usiitumie kuchora vitufe vya kurasa. Fuata nextPageToken, basi.

Kama utachezesha video ndani ya tovuti yako, soma status.embeddable na contentDetails.regionRestriction kabla ya kuionyesha. Orodha ya allowed ikija ikiwa tupu maana yake video imezuiwa kila nchi, kinyume kabisa na vile mtu angedhani kwa kuitazama haraka.

Idadi ya waliojiandikisha kwenye chaneli inakadiriwa kwa tarakimu tatu za mwanzo tangu 2019. Chaneli yenye watu 1,234,567 itaonyesha 1,230,000. Grafu ya ukuaji wa kila siku kwa chaneli kubwa kwa hiyo huwa ngazi: siku kadhaa tambarare, halafu kuruka ghafla. Si hitilafu ya msimbo wako, na hakuna kigezo cha kuiondoa.

Maoni yanasomeka kwa commentThreads.list, mia moja kwa ukurasa kwa yuniti 1, na hapa API ni ya bei rahisi sana kwa mtafiti wa lugha au anayechunguza mijadala. Kumbuka tu kwamba majibu yaliyomo chini ya kila oni kuu yanaweza kuwa sehemu tu ya majibu yote. Linganisha na totalReplyCount. Zikipishana, chukua yaliyobaki kwa comments.list ukitumia parentId. Weka textFormat=plainText, vinginevyo utapokea HTML yenye alama za kukatia mistari. Na video iliyofungwa maoni itarudisha kosa la 403 (ombi limekataliwa) lenye sababu commentsDisabled, ambayo haipaswi kusimamisha kazi nzima.

Hapo pana jambo la jumla: 403 ina maana nyingi. quotaExceeded inamaanisha mgao umeisha, hivyo kujaribu tena ni kupoteza muda mpaka mgao ujazwe. accessNotConfigured inamaanisha hukuiwasha API kwenye mradi. Programu inayoangalia namba 403 peke yake bila kusoma sehemu ya reason itajaribu tena pale isipopaswa na kukata tamaa pale inapoweza kuendelea.

Ufunguo na ruhusa

Kuanza si kazi ngumu. Kwenye Google Cloud Console unaunda mradi, unawasha YouTube Data API v3 kwenye maktaba ya API, unakwenda sehemu ya Credentials na kuunda ufunguo. Usiishie hapo. Ufungie ufunguo huo kwa API hii moja, na kwa anwani ya IP ya seva yako au kwa programu yako ya Android au iOS. Ufunguo ulioachwa wazi ndani ya msimbo wa kivinjari utachukuliwa, na mgao utakaoliwa ni wako. Mpangilio salama zaidi ni ufunguo kukaa kwenye seva, majibu yahifadhiwe kwa muda, na watumiaji waiulize seva yako badala ya kuiuliza YouTube.

Ufunguo unasoma vilivyo hadharani tu. Kwa jambo lolote la akaunti ya mtu, kama orodha zake za faragha au kupakia video, unahitaji OAuth 2.0, utaratibu wa mtumiaji kuiidhinisha programu yako, na ugumu unaanzia hapa. Akaunti za huduma, zile ambazo API nyingine za Google hutumia kwa kazi za seva, hazifanyi kazi na YouTube, utapata NoLinkedYouTubeAccount. Lazima binadamu abofye kukubali angalau mara moja. Tokeni ya kuhuisha, inayoiwezesha programu kuendelea bila kuomba idhini upya, hupewi usipoweka access_type=offline, na kwa kawaida huja mara ya kwanza tu mtu anapokubali. Ukiipoteza, mrudishe kwenye ukurasa wa idhini ukiweka prompt=consent.

Kisha kuna siku saba. Programu ya watumiaji wa nje ikiwa bado kwenye hali ya majaribio, tokeni ya kuhuisha inakufa baada ya siku 7, na orodha ya wanaojaribu haizidi watu 100. Dalili yake ni kosa la invalid_grant linalojitokeza kila wiki bila mtu kugusa chochote. Watu huchambua msimbo kwa siku nzima wakati tatizo ni swichi moja ya hali ya uchapishaji. Google ingefanya wema mkubwa kuandika sababu hiyo ndani ya ujumbe wenyewe wa kosa.

Kwa wanaopakia video kupitia API: mradi ulioundwa baada ya tarehe 28 Julai 2020 na ambao haujapitia ukaguzi, kila video unayopakia inafungwa kuwa ya faragha, hata ukiomba iwe ya umma. Ombi linafanikiwa, jibu linarudi zuri, lakini video haionekani kwa mtu mwingine. Anayetengeneza chombo cha kupakia aanze na ukaguzi.

Usichokipata

Idadi ya wasiopenda haipatikani kwa umma tangu Desemba 2021. Mwenye video peke yake anaiona yake. Kigezo cha relatedToVideoId, kilichokuwa kinaleta video zinazohusiana, kiliondolewa Agosti 2023, na pengo hilo bado linauma. Hakuna njia nyingine rasmi ya kujua YouTube inaunganisha video gani na gani, na utafiti wa mapendekezo umepoteza dirisha lake kuu. Historia ya kutazama nayo imefungwa: API inarudisha kitambulisho cha orodha lakini vilivyomo ni tupu, hata kwa mwenye akaunti aliyetoa idhini. Manukuu unaweza kujua kama yapo kupitia contentDetails.caption, lakini kuyapakua kwa captions.download ni yuniti 200 na kunahitaji ruhusa ya kuhariri video hiyo, kwa hiyo ya chaneli ya mtu mwingine sahau. Faili za sauti na picha zenyewe hazitolewi, na masharti yanakataza kuzipakua kwa njia nyingine.

Kwa hiyo anayetaka kujenga katalogi, dashibodi ya chaneli zinazojulikana, kumbukumbu za mihadhara, au chombo cha kufuatilia maoni, atapata huduma imara isiyo na malipo ambayo ni vigumu kuishinda. Anayetaka kujenga injini ya ugunduzi, ya kuuliza dunia nzima inatazama nini na kwa nini, hapa si mahali pake. Utafutaji wenyewe, ukiacha gharama, hauna uthabiti: swali lilelile likiulizwa nyakati mbili tofauti linaweza kuleta orodha mbili tofauti, na kwa kazi ya kisayansi hilo ni doa kubwa kuliko bei. Ukilazimika kutafuta, gawa muda kwa publishedAfter na publishedBefore katika vipande vifupi, hifadhi matokeo ya kila swali pamoja na saa lilipoulizwa, na usiulize tena swali ambalo jibu lake unalo.

Hata kuhifadhi kuna masharti. Data uliyoipata kwa ufunguo inapaswa kuhuishwa au kufutwa baada ya siku 30. Usisubiri siku ya 29 kuhuisha video 300,000 kwa mkupuo. Zigawe: video 10,000 kwa siku ni yuniti 200 tu, na mzunguko unakamilika ndani ya mwezi. Kugawanya programu moja katika miradi mingi ili kuvuna migao mingi ni marufuku, na mradi usioguswa kwa siku 90 mfululizo unaweza kusimamishwa, kwa hiyo hata mradi uliolala uwekee ombi dogo la mara kwa mara kama unauhitaji baadaye.

Mgao ukiwa hautoshi kweli, kuna fomu ya ukaguzi na ongezeko la mgao. Inapima kama unafuata masharti kabla ya kupima unahitaji kiasi gani. Uwe tayari na sera ya faragha inayotaja kwamba unatumia huduma za API za YouTube na kuunganisha na sera ya faragha ya Google, kiungo cha masharti ya YouTube kinachoonekana na mtumiaji, picha za skrini za kila mahali data inapoonekana, na njia ya mtumiaji kufuta data yake. Kisha andika hesabu: ombi gani, mara ngapi kwa siku, yuniti ngapi kila moja, na kwa nini njia ya bei rahisi haitoshi.